Pete ya Kinu cha Sikujua

Pete haikuingia. Nasoro mhunzi aliiopoa motoni kwa koleo ikiwa nyekundu, akaiweka juu ya mdomo wa kinu. Akaigonga upande huu, ikainuka upande ule. Akaigonga upande ule, ikainuka huku. Mti ulitoa moshi, wanawake wakakohoa na kurudi nyuma, na pete ikabaki imekaa juu ya kinu kama kofia ya mtoto kichwani kwa babu yake. Ilipopoa na kuwa nyeusi, kila mtu uani pale alijua kwamba kazi imeharibika.

Sikujua, mwenye kinu, alisogea. Aliikamata ile pete kwa kitambaa, ikiwa bado na joto la kuunguza, akairusha nje ya ua, ikaenda kuangukia mihogo ya jirani. Ndipo akapata sauti.

"Nilikuletea kipimo mu mukono," alisema. "Hata kipofu angeliweza kukifuata."

"Ni ile kipimo yako ndiyo nilipima, mama Hamissi."

Alimwita mama Hamissi, na wanawake wakatupiana macho. Miaka yote Nasoro alikuwa akimwita shemeji, maana yeye na Asmani, mume wa Sikujua, walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Siku ile ushemeji ulikuwa umekwisha. Alikusanya koleo na nyundo yake, akaondoka bila kuaga, na hata maji ya kunawa hakupewa.

Hasira hasara, husema wahenga. Ni kweli, lakini wahenga hawakuwa na kinu kilichopasuka huku chikichi zikiiva mtini na boma likisubiri mafuta. Mwaka ule Wadachi na Wabeleji walikuwa wakipigana ziwani, na boma la Wadachi lilikuwa limetoa amri kwa pwani nzima, kutoka Minago, kupita Rumonge, hadi Nyanza: kila nyumba itoe mafuta ya mawese ya kulishia askari, vibuyu vijae mwezi ukiandama, na nyumba isiyo na mafuta itoe mwanamume wa kubeba mizigo ya vita. Ukisikia amri namna hiyo unaweza kudhani ni hiari, mafuta au mtu. Sikujua hakudhani. Asmani wake alikwishachukuliwa msimu uliotangulia, kabla hata ya habari ya mafuta, akafungwa kamba na wenzake na kupelekwa kusini na masanduku kichwani. Mtu mmoja wa Ujiji ndiye aliyerudi na habari kwamba walimwacha kando ya njia akiumwa tumbo. Nani alimzika, kama alizikwa, hakuna aliyejua.

Alibaki na mwanawe mmoja, Hamissi, kijana aliyekuwa ameoa juzi tu. Huyo ndiye boma lingemchukua.

Na mafuta hayatoki mikononi mitupu. Chikichi huchemshwa, zikatwangwa zikiwa moto, zikakamuliwa. Vinu vidogo vya kutwangia sombe, majani ya mihogo, vilikuwapo kila nyumba, lakini kwa vibuyu vile vilivyotakiwa, vinu hivyo vingekuwa kuteka ziwa kwa kikombe. Kinu cha Sikujua ndicho kilichokuwa kinu. Mama yake alikirithi, kimechongwa kwa gogo zima, kipana kiasi cha wanawake wanne kusimama wakitwanga kwa zamu bila kugongana michi. Jirani zake wajane walitwanga humo na kugawana mafuta, kwa hiyo kilipopasuka, si nyumba moja iliyopasukiwa. Kuchonga kingine kungehitaji mti ulale ukauke hadi mvua nyingine. Dawa ilikuwa moja tu, kukifunga pete ya chuma.

Sasa, kwa Nasoro kulikuwa na taratibu. Mteja huleta chuma chake, majembe mabovu au shoka lililokwisha. Huleta makaa yake. Na huleta mtu wake wa kuvukuta moto, maana Nasoro alisema chuma cha mtu kikipulizwa na mkono wa nyumbani kwake hakimsahau mwenyewe. Hayo yote yalikuwa mazuri. Lakini kulikuwa na jingine alilolirithi kwa babu yake huko Manyema: mwanamke havuki kizingiti cha kibanda moto ukiwaka. Chuma hukataa. Basi Sikujua, mwenye kinu, mwenye shida, mwenye majembe yaliyoyeyushwa, alisimama njiani juani akazungumza na mgongo wa fundi, kisha akamtuma Hamissi ndani akavukute. Kipimo alikileta mwenyewe hadi mlangoni. Hakutaka ukuti, maana ukuti hukatika. Hakutaka kamba, maana kamba huvutika. Siku hiyo walikuwa wamechinja mbuzi wa hitima ya Asmani. Alichuna ukanda mrefu wa ngozi ya yule mbuzi, akauzungusha kwenye kinu, akauchoma alama kwa kisu cha moto miisho yote miwili, akampa Nasoro kwa mkono wa kuume. Hakuna kipimo kilichowahi kupelekwa kwa mhunzi kwa uangalifu kama kile.

Ndiyo maana alishikwa na hasira namna ile.

Asubuhi yake habari zilikuja kutoka Minago kwamba nyampara Athumani, mtu wa boma, anapita na askari akiangalia nyumba zisizo na mafuta. Hamissi alichukua panga akapanda Kizuka, huko vilimani, kukata mikungu ya chikichi, na kujificha humo humo michikichini. Sikujua alimwangalia mpaka akapotea, kisha akaifuata pete kwenye mihogo, akaitia begani, akaenda kwa mhunzi. Batuli alimfuata nyuma. Batuli alikuwa mtwangaji mkongwe kuliko wote, mwanamke ambaye ugomvi wa watu wengine ulimponya maumivu ya magoti.

"Nirudishie ngozi yangu," alisema Sikujua mlangoni.

Nasoro alikuwa amekaa mbele ya fuawe. Moto ulikuwa unawaka. "Ya nini?"

"Nataka batu baone vile uliikata. Uliona chuma iko kidogo, ukakata ngozi ya watu ili uibe."

Tusi hilo lilimwingia hasa. Mhunzi unaweza kumwambia amechelewa, unaweza kumwambia amelewa, lakini kumwambia ameiba chuma cha mteja ni kumvua nguo. Nasoro alisimama, akaufikia ule ukanda ulipokuwa ukining'inia juu ya moto. Vipimo vyote vya wateja vilining'inia pale, kila kimoja kwenye kijiti chake, visije vikachanganyika. Hakumpa mkononi. Aliutupa nje ya kizingiti, ukaanguka mchangani, mkavu, mgumu, ukitoa sauti kama ubao.

"Twende kwa kinu," alisema. "Twende sasa hivi, na alama zako uzitafute wewe mwenyewe."

Walikwenda wakifuatana, na watu wakatoka majumbani kuwafuata, maana Rumonge haijawahi kukosa watazamaji. Uani kwa Sikujua, ukanda ulirowekwa kidogo upate kukunjika, ukazungushwa kwenye kinu. Miisho haikukutana. Ilipungukiwa vidole vinne hivi.

"Munaona?" alisema Sikujua. "Munaona sasa?"

"Angalia alama," alisema Nasoro.

Aliangalia. Alama ya kisu cha moto ilikuwapo mwisho huu. Alama ya kisu cha moto ilikuwapo mwisho ule. Hakuna aliyekata hata unywele. Sikujua aliugeuza ule ukanda mkononi, akaugeuza tena, akitafuta uovu na asiuone.

Batuli ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika ukuta.

"Nyinyi wawili," alisema, "hamujawahi kuona ngoma? Ngozi mubichi ikikaa kwa moto inafanya nini? Iko na muntu hapa Urundi hajui hiyo? Hata mutoto wa kunyonya iko anajua."

Ngozi mbichi ikikaribishwa moto hunyauka, hujikunja, hujivuta. Ndivyo ngoma inavyokazwa. Sikujua alijua hivyo tangu ana meno ya utoto. Nasoro alijua, na baba yake alijua. Mmoja alipima kwa ngozi iliyokuwa bado inanuka damu, mwingine akaitundika juu ya makaa, na hakuna hata mmoja aliyefikiri. Tena Nasoro alikuwa ameipunguza pete kidogo zaidi ya kipimo, kama desturi, ili iingie kwa moto na kukaza ikipoa. Kosa likazaa kosa.

Watu hudhani kosa la pamoja huleta upole. Wapi. Mtu akiwa na haki peke yake hasira yake hupumzika, lakini hawa walikuwa wamenyang'anywa haki wote wawili, hasira ikabaki haina pa kukaa.

"Ungeliniacha niingie," alisema Sikujua taratibu, "ningeliiona inakauka. Ningelikuambia siku ile ile. Lakini mimi niko mwanamuke, mimi nitaharibu chuma yako. Sasa chuma imeharibika bila mimi."

Nasoro aligeukia kinu. Alipiga magoti, akapitisha ukucha wake kwenye ufa wa kinu, kutoka mdomoni kushuka chini, na chini zaidi, mpaka alipofika karibu na kitako. Akainua uso, na sasa zamu ya kukasirika ilikuwa yake.

"Uliniambia ufa iko wa shibiri moja."

Sikujua aliangalia pembeni.

"Uliniambia shibiri moja, mama Hamissi. Hii inafika kwa kitako. Pete ya juu peke yake haiwezi kukamata hii, hata ingeliingia. Ingeliachia siku ya kwanza, na ungelikuja kunitukana tena. Kwa nini ulinificha?"

"Ungelikataa kazi."

"Ningelifanya pete pana. Ningeliivisha hapa katikati."

Mficha uchi hazai. Sikujua aliwahi kumwambia hivyo mkwewe mwenyewe, na sasa maneno yalimrudia. Alikaa chini kwenye kigogo, akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. Kwa mara ya kwanza tangu ngozi ile ichunwe walizungumza, na hawakuzungumza kwa uzuri, kila jibu lilikuwa na mwiba, lakini walizungumza. Nasoro aliuliza kinapotwangwa wanasimama wapi. Aliuliza mchi unagonga upande gani zaidi. Sikujua alimwonyesha mahali kinu kilipotokeza tumbo, upande wa jua, maana hakikuwa duara hata kidogo, na Nasoro alikuwa amekifulia pete ya duara. Alimwonyesha mahali mafuta yalipokuwa yakitoka kwanza. Nasoro alilipapasa lile tumbo kwa viganja vyote viwili, amefumba macho, akinung'unika.

"Itaungwa hapa," alisema mwishowe. "Nitaikata, nitaongeza chuma, nitaifuata tumbo yake. Lakini lazima kinu iwe karibu na moto, nijaribu, nipige, nijaribu tena. Na kinu ukikisukuma mpaka kwangu kitapasuka vipande viwili njiani."

"Basi moto uje hapa."

"Hapa kwa wanawake?"

"Hapa kwangu," alisema Sikujua. "Kizingiti hii iko yangu, fundi. Nimekuruhusu kuvuka."

Batuli alikohoa kwa furaha. Nasoro alitazama mbali, upande wa ziwa, na mtu angeweza kuona babu zake wote wakimsuta masikioni. Kisha akauliza nani atavukuta, maana Hamissi yuko Kizuka. Sikujua alinyoosha mikono yake miwili mbele, mikono ya kutwanga, akaiacha hapo hapo hewani mpaka mwanamume akatikisa kichwa kukubali. Lisilobudi hutendwa.

Viriba vya kuvukutia na fuawe vililetwa uani, moto ukawashwa, na lililobaki lilikuwa chuma. Nasoro hakuwa nacho. Boma lilikuwa limekusanya vyuma vyake vyote kufulia minyororo, na hilo alilisema akiwa anatazama chini. Wanawake walitazamana. Majembe yaliyobaki Rumonge yalikuwa yale ya kulimia, na hakuna mtu wa kuomba jembe la jirani wakati wa kulima. Sikujua aliingia ndani. Alikaa kitambo. Aliporudi alikuwa na jembe bila mpini, limefungwa ndani ya kitambaa cheupe, na alimpa Nasoro kama mtu anayerudisha kitu alichotukaniwa.

Nasoro alikifungua kitambaa akalitambua mara moja. Jembe lilikuwa limepinda kidogo upande mmoja. Alikuwa amelifua mwenyewe, kwa ajili ya mtu wa mashoto, na yule mtu wa mashoto ndiye aliyevukuta moto siku nzima, akiimba vibaya na kucheka.

"Hii iko ya Asmani," alisema.

"Najua iko ya nani."

"Shemeji, hii usitoe. Tutatafuta ingine."

"Wapi?" alisema Sikujua, na sasa sauti ilimpanda, na hakuwa akimsemesha Nasoro tena. "Tutatafuta wapi? Balimuchukua yeye. Hawakunipa mwili, hawakunipa kaburi, hawakunipa hata nguo yake. Jembe ndiyo ilibaki, na kila asubuhi naiangalia. Jembe inaniangalia. Sasa banataka mutoto. Nisiitoe, niifanyie nini? Niilie? Tia kwa moto."

Nasoro alilitia.

Walifanya kazi hadi jua likapita utosi. Sikujua alikaa nyuma ya viriba viwili vya ngozi, akishika vijiti vyake, na mwanzo alivukuta kwa hasira kiasi kwamba cheche ziliruka hadi kwenye paa na Batuli akakimbilia maji.

"Pole pole," alisema Nasoro. "Utaunguza chuma."

"Usiniambie pole pole."

"Nakuambia."

Aliendelea vivyo hivyo, kisha mikono yenyewe ikachoka kugombana, ikaangukia mwendo iliouzoea wa kutwanga, kushoto, kulia, kushoto, na moto ukatulia ukawa mweupe. Nasoro hakusifu. Alinyoosha koleo akachomoa chuma, akaunganisha jembe la Asmani na pete, akapiga, akaipeleka kwenye kinu, akajaribu, akarudi. Sikujua alisema tumbo bado linagusa. Nasoro alisema ameona. Sikujua alisema hajaona, aangalie chini. Aliangalia chini, akarudi kufua. Chuma hakikukataa. Hakikuonekana hata kujua kwamba kuna mwanamke.

Ilipokuwa tayari waliivisha pamoja, wakiwa wawili na koleo mbili, pete ikiwa nyekundu, na safari hii ilishuka. Ilipita mdomo, ikalifuata tumbo, ikafika katikati ya ufa na kukaa. Mti uliwaka moto pembeni. Batuli na wenzake wakamwaga maji, mvuke ukawafunika wote, na ndani ya mvuke ule walisikia kinu kikilia, mlio mzito wa mti unaobanwa. Mvuke ulipoondoka, Nasoro alitwaa kisu akajaribu kuchomeka ncha kwenye ufa. Haikuingia.

Sikujua aliitazama pete. Mahali palipoungwa palikuwa na rangi nyingine, weusi unaokaribia samawati, urefu wa vidole vinne hivi na zaidi kidogo.

"Murakoze," alimshukuru.

"Kula ni saa ngapi?" alisema Nasoro. "Sijapewa hata maji tangu jana."

Alipewa ugali na ndagala, dagaa wa ziwani.

Siku zilizofuata walitwanga bila kupumzika. Hamissi alishusha mikungu kwa njia za porini, wake za watu wakachemsha, wajane wakatwanga kwa zamu, na kinu kikashika. Nasoro alikuja kila siku kuigonga pete na kusikiliza mlio wake, na kila siku walibishana. Yeye alisema wasitwange upande wa tumbo, Sikujua akasema atatwanga anakotaka, na keshoye wote walisimama upande mwingine. Vibuyu vilijaa, vya Sikujua na vya wajane wote. Mwezi ukaandama.

Nyampara Athumani alifika na askari wawili na mashua ya boma ikisubiri ufukweni. Alikuwa mtu wa kujipaka mafuta usoni, fimbo kwapani, mwenye Kiswahili cha kujivuna. Alikagua vibuyu kimoja kimoja, akanusa, akachovya kidole. Hakuona pa kulaumu, na hilo lilimuudhi.

"Nyumba hii ina wanaume wawili," alisema. "Boma linajua. Namuona mmoja." Hamissi alikuwa amesimama kando ya mkewe, na safari hii hakujificha. "Wa pili yuko wapi? Asmani. Amekimbia?"

Nasoro, aliyekuwa amechutama kwenye kinu na nyundo yake, alisimama.

Watu wa boma walikuwa wamemsahau Asmani. Hicho ndicho Sikujua alichokielewa pale. Walikuja hadi mlangoni wakamfunga mtu kamba mbele ya mkewe, wakamtwisha masanduku yao, wakamtupa njiani, na hata hawakujisumbua kukumbuka kwamba amekufa. Sikujua alihisi hasira ikipanda kutoka miguuni, na ilikuwa safi, haina pa kujilaumu ndani yake. Hakupiga kelele. Alimshika nyampara Athumani kifundo cha mkono, na yule mtu, kwa mshangao, alimwacha amvute hatua chache hadi kwenye kinu. Akaubandika ule mkono wa mafuta kwenye pete, pale penye rangi nyingine.

"Iko hapa," alisema. "Nyinyi mulimuchukua, hamukumurudisha. Nimemurudisha mimi. Hayo mafuta yenu ni yeye ameyakamata. Sasa umemuona. Wanaume wote wawili wako nyumbani."

Athumani alijaribu kuondoa mkono. Sikujua aliushikilia pale kidogo zaidi, mpaka askari mmoja akasogea na Nasoro naye akasogea, nyundo mkononi, akasimama upande wa shemeji yake. Ndipo akauachia.

"Mwanamke huyu ana wazimu," alisema nyampara, akijifuta mkono kwenye kanzu. Vibuyu vilibebwa kwenda ufukweni. Alipofika mlangoni aligeuka akasema msimu ujao boma litataka mara mbili ya hivi.

Sikujua alingoja mpaka mashua ikasukumwa majini.

"Shemeji," alisema Nasoro, "mara mbili inataka kinu ya pili."

"Gogo iko Kizuka. Hamissi ameliona." Aliokota mchi wake. "Kesho tutakwenda kuipima, mimi na wewe. Na ngozi ibaki nyumbani."